Jeshi la Kabaka, mfalme wa Buganda (ufalme ulio ndani ya Uganda), lingeweza kuingia vitani peke yake 1914, kama unavyotaka kwenye simulizi yako?

Hapana, ndugu, kwa sababu ya risasi. Mkataba wa Buganda wa 1900 ulimwachia Kabaka haki ya kuita wanaume vitani, lakini kwa ushauri wa mwakilishi wa Uingereza tu, na silaha za jeshi hilo zingetolewa na serikali ya Protektoreti (utawala wa Waingereza nchini Uganda). Kila sanduku la risasi lilipitia Mombasa, reli hadi Kisumu, kisha meli ya ziwani. Mwingereza akifunga bandari moja tu, ya Mombasa, bunduki zako zinabaki marungu.

Watu walikuwepo: kikosi cha Baganda Rifles kiliundwa kweli na kulinda mstari wa mto Kagera dhidi ya Wajerumani wa Bukoba. Ukitaka simulizi yako iaminike, anzia hapo Buddu, jimbo la Buganda la kusini karibu na mpaka huo, si Mengo kwenye makao ya Kabaka, na shughulikia chakula. Matoke ni mazito na huiva njiani, na tumbo lililozoea matoke likibadilishiwa unga wa mahindi usioiva vizuri linaharisha. Jeshi linaisha kabla ya kuvuka vinamasi vya mafunjo.

Halafu Kabaka mwenyewe, Daudi Chwa, alikuwa na miaka 18 tu. Kauli nzito ilikuwa ya Apolo Kagwa, waziri mkuu wake, na yeye alikuwa upande wa Waingereza.