Mchicha wangu una njano na nyanya zimekauka zote, nianze vipi upya?

SWALI: Shikamoo bwana shamba. Niko Buswelu hapa Mwanza, nimepanga, nyuma ya nyumba kuna kaeneo kama mita 3 kwa 4 mwenye nyumba ameniruhusu nilime mboga. Sijawahi kulima maishani. Udongo ni mchanga mchanga na vijiwe. Nilitengeneza matuta mawili, moja nikachanganya na maranda ya kwa fundi seremala ili udongo uwe laini, nikasia mchicha, umeota lakini umedumaa na majani ya chini yamekuwa ya njano. Tuta la pili nikaweka mbolea ya kuku niliyoizoa bandani kwa jirani siku hiyohiyo nikapandikiza nyanya, hazikumaliza hata wiki zikakauka kuanzia kwenye ncha za majani, na nilikuwa namwagia asubuhi na jioni. Wananiambia sina mkono wa kulima. Nianze vipi upya, na je ninunue mbolea ya dukani?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Hayo ya mkono wa kulima achana nayo kabisa, mimea yako imekufa kwa sababu zinazoeleweka na umeniandikia dalili vizuri mpaka mtu anaona tatizo bila kufika hapo uwani.

Tuanze na mchicha. Maranda ukiyachanganya kwenye udongo yanaanza kuoza, na vile vijidudu vinavyoyaozesha vinahitaji naitrojeni (chakula cha mmea kinachofanya majani yawe ya kijani) ili vifanye kazi, sasa kwenye maranda naitrojeni karibu hakuna kwahiyo vinaichukua kwenye udongo, mchicha unabaki na njaa. Mmea ukikosa naitrojeni unaitoa kwenye majani ya zamani unaipeleka kwenye majani machanga, ndo maana njano yako imeanzia chini. Ingeanzia juu kwenye majani mapya ningekwambia habari nyingine.

Nyanya zenyewe ziliungua. Mbolea ya kuku mbichi ina nguvu sana, ina chumvi nyingi na inatoa amonia (ile harufu inayokukaba ukiingia bandani), mizizi michanga ikikutana nayo inaungua, na mizizi ikishaungua hata umwage pipa zima la maji mmea haunywi. Kwahiyo ulikuwa unamwagia mmea ambao hauwezi kunywa tena.

Sasa sikiliza hapa maana ndo penye faida. Maranda yana kaboni nyingi na naitrojeni kidogo mno, mbolea ya kuku ni kinyume chake, yaani dawa ya tuta hili ilikuwa kwenye tuta lile. Vyote ni vizuri, shida ni kuviweka kwenye tuta vikiwa vibichi tena kila kimoja peke yake. Nenda kachukue maranda mengine kwa fundi, uliza kwanza kama ni ya mbao zilizopigwa dawa, kama zimepigwa yaache. Changanya debe kwa debe na mbolea ya kuku, ongeza maganda ya ndizi, mabaki ya mboga na majani mabichi, mwagia maji mpaka liwe na unyevu lakini ukikamua kwa mkono yasichuruzike, halafu rundika kichuguu cha kama mita moja kwenda juu na mita moja upana, kikiwa kidogo hakishiki joto. Funika na turubai au majani ya migomba. Siku chache baadae chomeka fimbo katikati, ichomoe uishike, utakuta ina joto kabisa. Pindua kila wiki mbili hivi na ukikuta pamekauka ongeza maji. Inachukua miezi 2 mpaka 3, na ukichota ukakuta ni nyeusi, inasagika, haina joto wala ile harufu, hapo imeiva.

Kwa nini nasisitiza mbolea hivi badala ya kukutajia mbegu? Kwa sababu ya udongo wenyewe. Huku kwetu sehemu kubwa ya udongo wa vilimani ni ule Wasukuma wanauita luseni, umetokana na kumeng'enyuka kwa haya haya mawe ya matale unayoyaona mji mzima, ni chenga chenga, maji yanapita moja kwa moja na yanaondoka na chakula cha mmea. Upime mwenyewe: chota udongo kiganjani, uloweshe, ufinye kama tonge. Ukigoma kushikamana ukamwagika vidoleni basi ni mchanga, na mchanga dawa yake ni samadi. Hakuna mbegu ya bei itakayokusaidia kabla ya hapo, na mimi naona huku ndo wanaoanza wengi wanapopotezea hela, wanakimbilia pakiti nzuri za mbegu na udongo hawajaugusa.

Usikae miezi 3 unasubiri lakini. Tafuta samadi ya ng'ombe ya zamani, ukitoka kidogo tu nje ya mji kuelekea Kisesa au Usagara wafugaji wapo wengi, omba ile iliyokaa muda mrefu pembeni ya zizi usichukue ya juzi. Weka ndoo moja kubwa ya lita 20 kwa kila mita moja ya mraba, changanya na udongo kina cha kama jembe linavyozama, mwagia maji, acha wiki moja ndo upande. Tuta lisizidi upana wa mita moja ili ufikie katikati bila kulikanyaga. Lile tuta lenye mbolea ya kuku zoa uliyoweza kuizoa upeleke kwenye kichuguu, lililobaki limwagie maji mengi na ulipumzishe mwezi hivi.

Kupanda, anza na mchicha, matembele na sukuma wiki. Mchicha mbegu zake ni ndogo mno, changanya na mchanga mkavu usie kwenye mistari, funika na udongo kidogo sana maana mbegu ikizama haioti, na ukiota punguza ile iliyobanana (unayong'oa unapika). Wiki ya tatu au ya nne unakula. Matembele wala hununui mbegu, omba vipando kwa jirani. Sukuma wiki acha nafasi ya nusu mita kati ya mche na mche na uchume majani ya chini tu, utachuma miezi. Eneo likikubana tumia viroba, vijae udongo na samadi nusu kwa nusu, na mawe hukosi, panga nguzo ya mawe katikati ya kiroba maji yashuke mpaka chini.

Nyanya subiri kwanza. Zina magonjwa mengi na mvua ya masika, Machi mpaka Mei, inaziletea ukungu wa majani, ukishazoea sia mbegu masika yanapoisha, zikue kiangazi ukiwa unamwagilia.

Maji: tandaza nyasi kavu au pumba za mpunga juu ya tuta, JUU tu usichanganye, unyevu utakaa. Magugu maji ya ziwani nayo yanafaa ila yakaushe kabisa, na usiyatoe karibu na mitaro ya maji machafu kwa sababu yanafyonza madini mazito. Maji ya Mto Mirongo (ule mchafu unaopita mjini) usimwagie mboga za kula. Ya kuoshea mchele sawa, ya kufulia hapana.

Zungushia nyavu chakavu za uvuvi, kuku wa jirani wakiingia mara moja tu mchicha wa wiki mbili umekwisha. Kila ukichuma geuza jani uangalie chini, ukiona vidukari vimejazana puliza maji yenye sabuni ya maji kidogo, kijiko cha chai kwa lita, jioni jua likishapoa.

Na la mbolea ya dukani: kwenye udongo wako wa sasa nunua kidogo tu, kwa ajili ya kuuokoa huo mchicha wa njano. Kijiko kimoja cha chai cha Urea (mbolea ya dukani yenye naitrojeni) kwenye lita 10 za maji, mwagia chini kwenye mizizi udongo ukiwa tayari una unyevu, ikigusa majani suuza, rudia baada ya wiki. Majani mapya yakitoka ya kijani umepona, yale ya njano ya chini hayatarudi, yang'oe upeleke kwenye kichuguu. Zaidi ya hapo usinunue kwa sasa, mvua moja kubwa kwenye mchanga ule inaipeleka yote chini ambako mizizi haifiki, hiyo hela nunulia samadi.