Muulize Fundi: Land Rover ya marehemu baba

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Tukuyu. Marehemu baba alituachia Land Rover 109 Series III ya mwaka 1976, ya petroli, aliyokuwa akibebea ndizi kwenda Uyole. Imesimama chini ya mparachichi tangu 2009, na kuku wanatagia kwenye kiti cha nyuma. Mimi na mdogo wangu tumeezeka banda la bati nyuma ya nyumba, tunataka kuifufua wenyewe, pesa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi. Fundi mmoja hapa anasema tuitoe injini yake tuweke ya dizeli ya Toyota, aina iitwayo 3L, halafu mengine yatafuata. Injini ameshaiona, anataka malipo ya awali. Tuanzie hapo?

JIBU: Marahaba mwalimu, na poleni kwa kuondokewa na mzee. Hayo malipo ya awali msiyatoe. Kabla ya kuniuliza habari ya injini, nataka uchukue nyundo ndogo, uvae nguo ya kazi, ulale chini ya gari.

Nakueleza kwa nini. Mwaka 1998 nilinunua 109 kama yenu, nikaiweka nyuma ya nyumba yangu Iwambi. Nilikuwa na hamu ya kusikia mlio tu. Miezi mitatu nilishughulika na injini: ringi, valvu, gasketi ya hedi, kabureta. Siku ilipowaka majirani walijaa uani. Breki nilikuwa nimezitoa upepo tu, nikaona pedali imekaza, nikaridhika. Nikampakia mwanangu, tukashuka kuelekea Mbalizi. Katikati ya mteremko paipu ya breki iliyo juu ya difu ya nyuma ikapasuka. 109 nyingi za miaka hiyo zina njia moja ya mafuta ya breki kwa magurudumu yote manne, kwa hiyo paipu moja ikienda, zote zimekwenda. Pedali ilizama mpaka sakafuni. Nikarudisha gia mpaka ya pili, nikavuta breki ya mkono, ambayo kwenye Land Rover haishiki magurudumu, inashika shafti nyuma ya giaboksi, nikaiegemeza gari kwenye ukingo wa udongo. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Tangu siku hiyo kwenye gereji yangu gari haiwashwi injini kabla haijawa na breki.

Basi nyundo. Bodi ya Land Rover ni aloi ya alumini, kwa sababu gari hii ilipoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948 chuma kilikuwa cha mgao baada ya vita. Ndiyo maana bodi ya mzee wako bado inapendeza, na ndiyo maana inadanganya. Chesisi yake ni ya chuma, imeundwa kama boksi la bati nene lililochomelewa, na inaoza kuanzia ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Na Tukuyu mvua mnaijua wenyewe. Gongagonga kila shubiri moja. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinajibu kwa mlio mzito kama wa debe lenye mchanga, au nyundo inapita. Kagua hasa boriti ya nyuma kabisa, vishikio vya springi za mbele, na mikono inayotoka pembeni kubeba bodi. Kisha inua mikeka, tazama ukuta wa chuma kati ya injini na miguu ya dereva. Hapo maji hutuama. Pale ambapo alumini imefungwa kwenye chuma utakuta unga mweupe: metali mbili zikigusana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Mkirudisha, wekeni kipande cha mpira au rangi nzito katikati.

Mkikuta pamekufa, msibandike bati juu ya kutu. Kateni mpaka mfikie chuma king'aavu, mchomelee bati jipya la unene uleule, milimita 2 hivi. Kabla ya kuchomelea fungueni betri na alteneta, na tangi la mafuta litoke kabisa nje ya banda. Tangi tupu ndilo la hatari zaidi, limejaa mvuke. Na gari isimame kwenye stendi za chuma, si juu ya matofali. Tofali la kuchoma hupasuka bila kuaga.

Baada ya chesisi, breki. Nunueni paipu zote mpya, mipira yote mipya, na silinda za magurudumu zote. Kumbukeni gurudumu la mbele la 109 lina silinda mbili, la nyuma moja, jumla sita. Hapa ndipo ninapokuruhusu kubadilisha gari ya mzee bila kujuta: fungeni masta silinda (ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) ya vyumba viwili na busta yake, inayopunguza uzito wa pedali, kutoka Land Rover za miaka ya baadaye, mgawanye paipu za mbele na za nyuma. Wekeni na mikanda ya viti, lakini ishikwe na chesisi, isishikwe na alumini.

Sasa injini. Ile ya petroli ya 2,286 cc ni chuma kigumu sana, haistahili kutupwa bila kuulizwa. Toeni plagi nne, mimineni kwenye kila silinda vijiko viwili vya oili iliyochanganywa na dizeli, acheni wiki nzima. Kisha zungusheni kwa mkono kutoka kwenye puli, taratibu, kwenda na kurudi. Msiivute kwa trekta. Ringi ikiwa imeshika, itavunjika. Ikizunguka, badilisheni oili, safisheni kabureta, mwageni petroli ya 2009 yote, wekeni nafasi ya tapeti za valvu milimita 0.25 na ya pointi za distribyuta kati ya 0.35 na 0.40. Nimeona injini zilizolala zaidi ya hapo zikiamka.

Kuhusu 3L: ni injini nzuri, naiheshimu. Lakini giaboksi na ekseli za Series zilipangwa kwa nguvu za farasi kama 70 na mwendo wa pole. Ukiweka nguvu zaidi mbele, kinachoweza kuvunjika ni giaboksi au shafti za nyuma, hasa mlimani ukiwa na mzigo. Utabadilisha giaboksi, utabadilisha difu, mwishowe utakuwa na Toyota iliyovaa bodi ya baba. Tena namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukibadilisha injini bila kuwajulisha TRA, utasumbuka siku ya kukaguliwa. Na kwa kuwa mzee ametangulia, msimamizi wa mirathi aliyethibitishwa na mahakama ndiye wa kuhamisha umiliki. Lifanyeni hilo mapema, kabla hamjanunua hata wesha.

Kama injini ya zamani itagoma kabisa, niandikie tena, tutazungumza.

SWALI: Fundi, Peugeot 504 pikapu yangu ilifungwa kabureta mpya Dar es Salaam, ikaenda kama maji. Nimefika nayo nyumbani Mafinga inatoa moshi mweusi na plagi zimejaa masizi. Nimeuziwa kabureta mbovu?

JIBU: Hapana ndugu yangu, kabureta yako imezoea pwani. Mafinga iko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa kiasi kama moja ya sita, lakini jeti, kile kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta, inaendelea kumimina petroli ileile ya Dar. Kwanza hakikisha choki inafunguka mpaka mwisho na chujio la hewa ni safi. Kisha tafuta jeti kuu ya namba ndogo kidogo, shuka hatua moja moja, uendeshe, utoe plagi uitazame. Unatafuta rangi ya maji ya kunde. Skrubu ya mchanganyiko inarekebisha sailensa tu, yaani injini ikinguruma bila kukanyagwa, haitakusaidia ukiwa unakanyaga. Asije mtu akaziba jeti kwa risasi ya kulehemu. Na ile ya zamani ihifadhi kwenye dashibodi: siku ukishuka Kitonga kwenda Dar kukaa huko, irudishe, la sivyo injini itapata petroli pungufu na kuunguza valvu.

SWALI: Nipo Njombe. Naweza kupaka gari rangi mwezi wa Julai?

JIBU: Subiri Septemba. Ukungu wa Njombe ukitua kwenye rangi mbichi unaacha weupe. Kama huwezi kusubiri, paka kati ya saa nne na saa nane mchana siku ya jua, bati liwe na joto la kiganja.