Jibu kwa mdogo wetu wa Uyole: mwaka wa kwanza na hujui unataka nini

Mdogo wangu, umesema umepangiwa Ualimu wa Sayansi pale chuo cha Mkwawa, muhula ndio kwanza umeanza, na tayari unataka kuhamia uinjinia wa ujenzi MUST (chuo cha sayansi na teknolojia Mbeya) kwa sababu mwenzako wa chumbani anajua atakuwa nani na wewe hujui. Wadau waliokujibu kabla yangu wanakwambia "fuata ndoto yako". Ndoto ipi, na mwenyewe umesema huna?

Nimesoma kozi hiyo hiyo, Kemia na Baiolojia. Chumbani kwetu kulikuwa na jamaa mwenye uhakika wa kila kitu. Leo anauza mbao Mafinga na maisha yanamwendea. Uhakika wa mwaka wa kwanza usikutishe, mara nyingi ni maneno ya mzazi ambayo mtu ameyakariri.

Mimi nilifunguliwa macho na likizo ndefu. Nilikwenda kujitolea kwa wanunuzi wa parachichi Njombe (mjomba alikuwa dereva pale, sifichi). Wakaniweka kwenye kupima ukomavu: unakwangua nyama ya tunda, unapima uzito, unakausha hadi maji yote yaishe, unapima tena. Hass (aina ya parachichi) ikibaki chini ya asilimia 21 ya uzito wa mwanzo, haijakomaa kwa soko la nje na shamba linasubiri. Mzee mmoja alibishana na mizani asubuhi nzima, akidai matunda yake yanaonekana makubwa. Ilibidi nimkatie tunda jingine, tupime pamoja, ndipo akacheka. Pale nikajua maabara naipenda, ila kumwelewesha mtu naipenda zaidi. Ndiyo kazi inayoniweka mjini hadi leo, na ule ualimu nautumia kila siku.

Kuhusu kuhama: umeandika ulisoma CBG, yaani Kemia, Baiolojia na Jiografia. Uinjinia wa ujenzi unadai Fizikia na Hisabati za kidato cha sita, kwa hiyo hilo liache. Ukipata kozi nyingine unayokidhi vigezo vyake, wahi, maana dirisha la uhamisho halikai wazi muda mrefu. Na kabla hujajaza chochote pita kwa afisa mikopo wa chuo. Usidhani mkopo wa Bodi ya Mikopo utakufuata wenyewe.

Barua za kuomba kujitolea wakati wa likizo ndefu anza kuzipeleka mapema, usingoje mitihani iishe. Nenda nazo mwenyewe. Za barua pepe huku kwetu hazijibiwi.