Dakika 20 za abiria wa Mbagala zina bei gani?

Mkuu, umeuliza ripoti za miradi ya barabara zinatoa wapi "faida ya mabilioni" wakati hakuna abiria atakayelipwa hata mia. Niliwahi kushika dodoso kwenye kazi hizo kwa posho ya siku, nikaona kidogo jikoni kwao.

Wanaupa bei muda ambao abiria wataokoa, na hesabu yenyewe haina uchawi. Chukua mfano: abiria 50,000 kwa siku, kila mmoja anaokoa dakika 10. Hizo ni saa 8,333 hivi. Ukisema saa moja ni sh 600, unapata kama milioni 5 kwa siku, na kwa siku 300 ni bilioni 1.5. Ugomvi wote uko kwenye ile 600.

Fundi aliyetumwa na bosi kwenda site, saa yake inahesabiwa mshahara mzima pamoja na gharama za mwajiri juu yake. Wewe unayekwenda kazini asubuhi muda ni wako, kwa hiyo bei inashuka. Mwongozo wa Benki ya Dunia wa 1997 ulipendekeza asilimia 30 ya kipato cha kaya kwa saa, kikigawanywa kwa kila kichwa, mtoto nusu yake. Sasa, hapa Dar, weka kipato cha Masaki kwa wenye nazo upande mmoja na cha Mbagala kwa watu wa kawaida upande wa pili uone barabara ipi itaonekana "inalipa". Ndiyo maana wengine hutumia bei moja ya wastani kwa watu wote. Mimi niko upande huo.

Ila kilichonibadilisha ni kituo cha Rangi Tatu, Mbagala, saa kumi na moja alfajiri. Kuna mama alikuwa na ndoo mbili tupu, anawahi samaki soko la Feri. Nikamsomea swali kama lilivyoandikwa: ungekuwa tayari kuongeza nauli kiasi gani ili ufike dakika 20 mapema? Akaniangalia.

"Mwanangu, mimi kufika mapema sitaki. Nataka kujua nitafika saa ngapi."

Alikuwa anatoka nyumbani saa kumi, siku nyingine anafika mnada haujaanza, anakaa tu. Siku daladala zikigoma kutokea anakuta mzigo umeshanunuliwa, ananunua kwa mchuuzi, faida yote inabaki hukohuko. Dodoso halikuwa na kisanduku cha jibu hilo. Konda akaita, mama akajichomeka mlangoni na ndoo zake, mimi nikaandika sifuri. Sijui kwa nini sikuandika hata pembeni kwa kalamu.

Mwongozo uleule ulisema dakika ya kusubiri au kutembea ihesabiwe mara moja na nusu ya dakika ya ndani ya gari. Aliyewahi kusimama kituoni na mvua ya masika ataona wamebana sana.

Kwa hiyo ukiipata hiyo ripoti, ruka picha za daraja, nenda kwenye jedwali la thamani ya muda. Ukikuta kusubiri na kukaa kwenye siti vina bei moja, rudi hapa utuambie ni mradi gani.