Muulize Ami: Mtoto anikimbia mimi babake

Shikamoo ami. Mi ni mvuvi hapa Lamu, nina mtoto wa miaka 2 na nusu. Kaskazi yote nilikuwa baharini, nikirudi nalala siku mbili tatu naondoka tena. Sasa kusi limekaza, bahari haiendeki, niko nyumbani tu, na nikimshika analia mpaka sauti inakauka anamkimbilia nyanyake. Ili anyamaze nampa simu aangalie katuni, hapo twaelewana sana lakini nikiichukua ni vita. Mama mkwe naye asema mwanamume hamkogeshi mtoto, na juzi nimembeba kupita mtaa wa Langoni wenzangu wa barazani wakanicheka eti nimekuwa yaya. Nifanyeje?

Marahaba mwanangu. Usione mtoto anakuchukia, umri huo huwa na mtu wake, na mtu wake ni yule anayemlisha na kumlaza kila siku, wewe kwake ni mgeni uliyekuja na mkoba. Yalinifika hayo. Nilikuwa naenda na jahazi, nikarudi na mfuko mzima wa biskuti, mwanangu akapokea biskuti akaniacha nimesimama dakani, pale ukumbi wa mlangoni, kama mdai deni (sa hivi ana watoto wake watatu na bado namkumbusha).

Usimvamie kumbeba. Kaa mkekani ushone jarife lako, wavu wako wa kuvulia, atakuja mwenyewe kuchungulia. Alafu chukua kazi moja ya mtoto iwe yako, sio ya kusaidia, yako kabisa. Mi ningechukua kukogesha jioni manake maji watoto wayapenda, siku za mwanzo nyanyake akae karibu amuone, baadaye awe anasogea kidogo kidogo. Atalia, najua, na ukishindwa siku ya tatu ukamrudishia simu umeanza upya.

Na hiyo simu, Shirika la Afya Duniani walisema 2019 kwamba mtoto wa miaka 2 mpaka 4 asizidi saa 1 kwa siku mbele ya skrini, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi. Ukiwa safarini ukapata netiwaki mpigie akuone uso, hiyo ni kazi nzuri ya simu, lakini uko naye chumba kimoja alafu katuni ndiyo imlee?

Mama mkwe usibishane naye, muombe akufunze. "Mama, maji yawe na moto kiasi gani?" Ukishamuuliza hivyo yeye ndiye atakuletea beseni. Na hao wa barazani waulize, Mtume (s.a.w.) alirefusha sijida sababu mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni hakutaka kumharakisha, je wao ni waume kumshinda? Pita zako.

Ami, mi niko Malindi, nafanya kazi hotelini. Mke wangu kajifungua, bosi asema likizo ya uzazi ni ya wanawake. Ni kweli?

Si kweli. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 yampa baba aliyeajiriwa wiki 2 na mshahara kamili, mama miezi 3. Omba kwa barua, ubaki na nakala, akikataa ipeleke ofisi ya leba. Hongera, na hizo wiki mbili usizimalizie kwenye kahawa.