Ngome Nyekundu ya Delhi: inafaa kutembelewa au ni nyasi tupu?

Ndugu mleta mada, umeuliza kama kuna faida ya kwenda Ngome Nyekundu ya Delhi wakati unasubiri mgonjwa wako amalize vipimo, kwa kuwa waliotangulia wamekuambia kwamba ndani hamna kitu na ni heri fedha hizo uziweke kwa safari ya Agra, mji wenye Taj Mahal. Nilisoma Delhi, na katika miaka hiyo niliwapeleka huko wageni wengi kutoka nyumbani, aghalabu wasindikizaji wa wagonjwa kama wewe, hivyo lalamiko hilo nimelizoea. Jibu langu ni kwamba uende, ila uende ukijua kwa nini pako wazi namna ile.

Ngome hii ilijengwa na Shah Jahan, mfalme yule yule wa Mughal, ukoo wa Kiislamu uliotawala India, aliyejenga Taj Mahal, alipoamua kuhamisha makao yake kutoka Agra. Ujenzi ulianza mwaka 1638 na kukamilika mwaka 1648. Aliyezoea Fort Jesus ya Mombasa hutarajia boma la mizinga, kumbe hapa palikuwa na kasri na mji mdogo ndani ya kuta za mawe mekundu zenye mzunguko wa zaidi ya kilomita 2. Soko lake bado lipo. Ukishapita Lango la Lahori unaingia Chhatta Chowk, njia ndefu yenye paa la kuba ambako watu wa kasri walinunua hariri na vito, na ambako leo utatajiwa bei za vikuku na vinyago ambazo mtu mwenye akili timamu hazilipi bila kupatana kwanza.

Baada ya soko ndipo wengi wanapokata tamaa, maana wanakuta uwanja wa nyasi, mabaraza machache yaliyoachana, na maghorofa mazito yasiyofanana nayo hata kidogo. Hayo maghorofa ni kambi za askari wa Kiingereza. Uasi wa Wahindi dhidi ya utawala wa Kiingereza mwaka 1857 uliposhindwa, Waingereza walibomoa sehemu kubwa ya makazi ya ndani, na mfalme wa mwisho wa Mughal, Bahadur Shah Zafar, akashtakiwa humo humo katika kasri la mababu zake kabla ya kupelekwa uhamishoni Rangoon, Burma, alikofariki mwaka 1862. Kile Kiti cha Tausi kinachosifiwa, kiti cha enzi cha wafalme hao, kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa na Nadir Shah wa Uajemi tangu mwaka 1739. Kwa hiyo unapokanyaga zile nyasi, elewa kwamba sehemu kubwa yake ilikuwa nyua na vyumba vya watu.

Katika Diwan-i-Am, baraza la kusikilizia mashauri ya raia, usiishie kwenye nguzo, ambazo zamani zilipakwa lipu nyeupe ya chokaa iliyosuguliwa hadi ikang'aa. Tazama ukuta ulio nyuma ya kiti cha enzi: kuna vibao vya mawe meusi vilivyopambwa kwa ndege na maua ya mawe ya rangi, na juu kabisa yumo Orpheus, mpiga muziki wa hadithi za Kigiriki, akiwapigia wanyama. Kisha nenda upande wa mashariki, ambako mto Yamuna ulipita chini ya ukuta kabla ya kuhama. Huko utaona mfereji wa marumaru, sasa mkavu, uliopita katikati ya mabaraza na kuitwa Mto wa Peponi. Kwenye Khas Mahal, makazi binafsi ya mfalme, mfereji huo unapita chini ya pazia la marumaru lililotobolewa kwa ustadi wa ajabu, na juu yake imechongwa mizani ya haki. Binafsi, pazia hilo peke yake lilinitosha kila nilipokwenda.

Kuhusu utaratibu, ngome hufungwa Jumatatu, na hufungwa pia siku kadhaa kabla ya tarehe 15 Agosti, ambapo waziri mkuu huhutubia taifa akiwa juu ya ukuta wake. Mgeni hulipa kiingilio kikubwa kuliko raia wa India, na ukaguzi mlangoni ni mkali, kwa hiyo begi kubwa liache ulikofikia. Metro ina kituo cha Lal Qila karibu kabisa. Mgonjwa mwenyewe usimpeleke kama miguu au kifua kinamsumbua: mwendo ni mrefu, mwezi Mei na Juni joto hupita nyuzi 40, na miezi ya baridi hewa ya Delhi hujaa moshi.

Ngome ya Agra, nakubali, imehifadhika vizuri zaidi, na ndiko Shah Jahan alikofungiwa na mwanawe Aurangzeb hadi kufa. Lakini Agra iko zaidi ya kilomita 200 na itakumalizia siku nzima, na Taj Mahal hufungwa Ijumaa. Ukipata mtu wa kubaki na mgonjwa, panda treni ya alfajiri uende Agra. Ikiwa daktari anaweza kukuita wakati wowote, Ngome Nyekundu ndiyo yako.