Mpira uliorushwa juu kutoka paani: kwa nini unapata sekunde 1 badala ya 4

Mkuu, kwa faida ya wanaoingia sasa, swali lako ni hili: mpira wa kilo 0.2 unarushwa wima kwenda juu kwa kasi ya 15 m/s kutoka ukingoni mwa paa lililo mita 20 juu ya ardhi. Ukirudi unapita nje ya ukingo na kuanguka hadi chini. Unatumia muda gani tangu kurushwa hadi kugusa ardhi, g (mchapuko wa graviti, yaani kiasi ambacho kasi hubadilika kila sekunde) ikiwa 10 m/s²? Wewe umepata sekunde 1, kitabu kinasema 4, na unauliza kama kitabu kimekosea, na hiyo kilo 0.2 inaingia wapi.

Kitabu kiko sawa. Ila jibu lako nalo si la ovyo: ni jibu sahihi kabisa la swali jingine. Nimefundisha na kusahihisha maswali ya aina hii kwa muda mrefu, na hiyo sekunde 1 hainipiti darasa lolote.

Umetumia s = ut + ½at², ambapo s ni mahali mpira ulipo ukipima kutoka ulipoanzia, u ni kasi ya kuanzia, t ni muda, na a ni mchapuko, hapa g. Umeandika 20 = 15t + 5t². Yaani s chanya, u chanya, g chanya. Ukiziweka zote tatu chanya, umeuambia mlinganyo kwamba zote zinaelekea upande mmoja. Graviti inavuta chini, ardhi iko chini, basi na mpira nao umerushwa chini. Ndiyo maana ukapata t² + 3t − 4 = 0, na t = 1. Huo ni muda wa mtu aliyeutupa mpira chini kwa 15 m/s.

Dawa yake ni kuchagua upande ulio chanya kabla hujaandika namba hata moja, kisha usiubadilishe hadi mwisho. Mimi huchukua juu kuwa chanya; ukipenda chini, sawa, mradi usigeuke katikati. Kwa hiyo u = +15, a = −10, na s = −20. Hiyo −20 ndiyo inayowashinda wengi. s si urefu wa njia ambayo mpira umepita. Ni mahali ulipoishia ukipima kutoka ulipoanzia. Ulianzia paani, umeishia mita 20 chini yake. Kwamba katikati ulipanda kwanza, s haina habari nako.

−20 = 15t − 5t²
t² − 3t − 4 = 0
(t − 4)(t + 1) = 0

t = 4. Mstari mmoja umebeba kupanda na kushuka kwa pamoja.

Najua wengi wamefundishwa kukata safari vipande viwili. Kupanda: 15 ÷ 10 = sekunde 1.5, mpira unafika mita 11.25 juu ya paa. Kushuka: kutoka mita 31.25 hadi ardhini ni sekunde 2.5. Jumla 4. Si kosa, na mimi hutumia njia hiyo kuhakiki jibu. Lakini kama njia kuu siipendi, kwa sababu inamjengea mwanafunzi wazo kwamba mpira ukigeuka, g nayo inageuka alama. Haigeuki. Mchapuko ni −10 wakati wa kupanda, wakati wa kushuka, na hata pale kileleni ambapo kasi ni sifuri kwa nukta moja tu ya wakati. Kama mchapuko nao ungekuwa sifuri pale, mpira ungebaki unaning'inia hewani.

Sasa ile t = −1 inayotoka kwenye (t + 1) = 0. Wengi huifuta kwa kusema muda hauwezi kuwa hasi, na kwenye mtihani inatosha. Lakini hebu iangalie kidogo. Mlinganyo haujui kwamba kabla ya t = 0 mpira ulikuwa mkononi; unadhani ulikuwa hewani siku zote. Sekunde moja kabla, kasi yake ingekuwa 15 + 10 = 25 m/s kwenda juu, na mahali ungekuwa pale pale ardhini. Kwa maneno mengine, mtu aliyesimama chini akirusha mpira juu kwa 25 m/s, baada ya sekunde 1 utaupita ukingo wa paa ukiwa na 15 m/s kamili, na kuanzia hapo safari yake ni ile ile ya mpira wako.

Na hiyo sekunde 1 ndiyo uliyoipata wewe. Kutoka ardhini hadi paani kwa kupanda, na kutoka paani hadi ardhini kwa kushuka, ni safari moja iliyogeuzwa. Mpira wako unarudi usawa wa paa baada ya sekunde 3, ukiwa na 15 m/s kwenda chini, na kuanzia pale ndipo linapoanza swali ulilolijibu. 3 + 1 = 4.

Kasi ya kugusa ardhi, v, inatoka kwenye v² = u² + 2as: v² = 225 + 2(−10)(−20) = 625, hivyo 25 m/s, na alama ya hasi unaiweka mwenyewe maana mraba huificha. Usiandike v = 0 eti kwa sababu mpira unasimama ukifika chini. Milinganyo hii inaishia kabla tu ya kugusa; ardhi ikianza kusukuma, mchapuko si −10 tena.

Kuna anayeweka a = −10 lakini akaacha s = +20. Anapata t² − 3t + 4 = 0, ambayo haina jibu halisi. Hapo hesabu inakuambia kwamba mpira huu haufiki kamwe mita 20 juu ya paa, na ni kweli, unaishia 11.25.

Kilo 0.2 umeuliza inaingia wapi. Haiingii popote, maana ukinzani wa hewa umepuuzwa. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 aliangusha nyundo na unyoya kwa pamoja mwezini, kusiko na hewa, vikatua pamoja. Kule ungeweka 1.6 badala ya 10, milinganyo ni hii hii. Ukitumia 9.8 kwa swali lako utapata sekunde 4.07, fuata thamani uliyopewa.

Jipime na hili, g = 10: puto linapaa kwa 5 m/s, na likiwa mita 60 juu ya ardhi mfuko wa mchanga unaachiwa. Unafika chini baada ya muda gani? Jibu ni sekunde 4. Ukipata 3.46 umesahau kwamba mfuko ulikuwa unapaa pamoja na puto. Ukipata 3, angalia tena alama ya u.